Doto wa Kwenye Sinema

Majengo, Mpanda
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Shikamoo nyingine mpelekee Baba hapo alipo, najua yuko uani anachonga mpini. Vipi mguu wako, unakanyaga sasa au bado unaukokota? Na Baba kifua chake baridi ya huko imekiacha? Mimi mwanao ni mzima. Nakula, nalala, nimenenepa, na mtu akija kukuambia nimekonda mfukuze. Homa ilinishika mara moja tu mwezi uliopita, nikameza klorokwini, nikajikuna siku nzima kama mbwa, ikaniachia.

Kaka Gaspari ameniandikia kwamba kwenye darasa la watu wazima wewe sasa ndiye kiranja. Hongera sana, mama! Ndiyo maana nimeandika herufi kubwa na kuachanisha maneno. Soma mwenyewe, polepole, usimpe Gaspari, yeye ataruka yale matamu akimbilie mwisho. Na huku kuna jambo, mama. Nimeanza barua hii mara tatu, kila mara nasimama nazunguka chumba kwa furaha.

Kwanza nikukumbushe habari ya Maganga, yule kijana wa stesheni niliyekutajia likizo iliyopita tukiwa tunapukuchua mahindi. Tunapendana na tunataka kuoana, hilo unalijua. Ambalo hulijui ni baba yake. Anaitwa Mzee Doto, Mnyamwezi, alifanya kazi ya kutengeneza reli mpaka akastaafu, sasa analima na kutundika mizinga. Maganga hawezi kutuma mshenga kwenu bila neno la baba yake. Akifanya hivyo amemtukana mzee, na mimi sitaki kuingia nyumba ya watu kwa dirisha. Basi tangu masika nilikuwa nangoja neno.

Sasa unajua sisi Wangoni na hawa Wanyamwezi ni watani. Kila Maganga akiuliza, "Baba, unasemaje juu ya yule mwalimu?" mzee anajibu, "Mngoni? Nikilala si ataondoka na nyumba?" Watu kicheko! Na mimi nacheka, nitafanyaje? Siku moja nikapata sukari dukani baada ya kupanga foleni tangu alfajiri, nikampelekea kilo nzima. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akasema, "Haya, wameanza kurudisha walivyoiba." Nikamjibu, "Na nyie mlivyozoea kubeba mizigo, ungenifuata mwenyewe dukani ukaibebe." Akacheka mpaka akakohoa. Lakini neno hakusema. Mama, utani ni mtamu, ila mtu haolewi kwa utani. Mtani wako akikuchekea huwezi kujua amekupenda au amekukataa. Na Maganga amesikia fununu kwamba mwakani watamhamishia Kigoma. Nilikuwa nalala macho.

Ndipo gari la sinema likaja.

Lilikuja Alhamisi, likapita Kashaulili sokoni linatangaza kwa kipaza sauti: sinema bure, uwanja wa mpira, jioni, sinema ya panga! Weee! Walimu tuliwaruhusu watoto kabla ya kengele, maana hakuna aliyekuwa anasikiliza tena. Kufika magharibi uwanja umejaa. Watu wametoka mpaka vijiji vipya vya barabarani, na Warundi wa Katumba, wale wakimbizi, waliokuja kuuza maharage wakaahirisha kurudi. Shuka jeupe limetundikwa kwenye goli, jenereta linanguruma, mimi nimekaa na kanga yangu mpya.

Kumbe yule mkalimani wa gari ameshikwa na homa, yuko kwenye siti ya mbele anatetemeka. Bila mkalimani sinema ya Kiingereza ni watu kufumbua midomo tu. Mwendeshaji wa mashine, tulimwita Bwana Sinema, akauliza nani anajua Kiingereza vizuri. Mwalimu Mkuu wangu akaninyooshea kidole. Mimi! Nikasema siwezi. Wakanisukuma. Nikajikuta nimesimama kando ya mashine, kipaza sauti mkononi, na Mpanda nzima inanitazama. Mstari wa mbele kabisa nani amekaa kwenye kigoda chake, kofia ya reli kichwani? Mzee Doto.

Lakini bahati nilikuwa nayo. Sinema ile imetoka kwenye kitabu cha zamani sana cha Wazungu, na kitabu chenyewe tulikisoma kwa masista, kile kilichokuwa kimetoka jalada. Kijana amenyang'anywa nyumba ya baba yake na gavana mwovu. Ana rafiki yake wa kufa na kuzikana, jibaba lenye mandevu linalopenda kula. Wawili hao wanazunguka na farasi na panga nyembamba mpaka nyumba irudi. Basi nikaanza. Mwanzoni sauti inatetemeka, mkanda wa pili nikapata moto. Gavana akisema neno moja, mimi nasema manne. Mandevu akipigana na watu sita juu ya meza, nilikuwa naruka na mimi. Watu wanapiga kelele, "Mpe! Mpe huyo!"

Mkanda wa tatu Mandevu akachomwa upanga darajani, akafa. Wanawake wakashika vichwa. Nikasema maneno yake ya mwisho, na mengine nikamwongezea, watu wakalia.

Bwana Sinema akabadilisha mkanda. Ukaanza wa nne, na nani ameketi hotelini anatafuna paja la kuku? Mandevu!

Nikaganda. Nilijua kitabuni akishakufa harudi. Nikajiuliza, au nimesahau? Watu nao wameanza: "Aah, huyu si amekufa sasa hivi?" "Mwalimu, huyu ni mzimu?" "Mzimu gani unakula kuku?" Kicheko kinakuja, nakiona kinakuja, na mbele yangu amekaa mzee ambaye neno lake ndilo maisha yangu. Nikafungua mdomo bila kujua ninasema nini. Nikasema, "Ndugu wananchi, huyu siye yule. Yule aliyekufa alikuwa Kulwa. Huyu ni Doto, pacha wake, amekuja kuchukua upanga wa nduguye!"

Mama, uwanja ulilipuka! Unajua watu wa huku pacha wa kwanza kutoka ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayewafuata ni Shija. Hakuna aliyehitaji maelezo. Watu wamesimama: "Doto! Doto!" Jamaa mmoja akapaza sauti nyuma, "Na Shija naye yuko wapi?" Nikamjibu kwenye kipaza sauti, "Shija bado ananyonya!" Wakafa kwa kucheka. Mkanda mzima yule bwana akipiga mtu mmoja, watu wanahesabu kisasi cha Kulwa.

Shida ikaja mkanda wa mwisho. Kijana anapambana na gavana peke yake, rafiki hayupo. Watu wanaanza tena, "Doto kaenda wapi? Kamwacha mwenzake?" Nikasema kilichonijia: "Doto amekwenda nyumbani. Lazima mtu aende kumwambia mama yao."

Hapo Mzee Doto akasimama. Akavua kofia, akaivaa tena, akachukua kigoda chake akaondoka, na sinema haijaisha. Moyo wangu ukaenda kisigino. Maganga alinisindikiza nyumbani. Mlangoni akasema, "Nadhani umemkera." Nililia, mama, sikufichi. Nikajua nimeyaharibu mwenyewe, tena kwa kipaza sauti.

Ijumaa asubuhi, kabla sijaenda shule, hodi. Mzee Doto, ana kibuyu cha asali. Nikamkaribisha, akakaa, nikangoja utani. Hakutania. Akaniuliza, "Mwalimu, nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, baba?"

"Kwamba Doto alikwenda kwa mama."

Nikasema hakuna aliyeniambia. Akainamisha kichwa. Ndipo akanieleza kwamba yeye na pacha wake walichukuliwa pamoja kwenda vita ya Wazungu, mpaka Burma, na Kulwa akabaki huko huko. Yeye akarudi peke yake. Akasema, "Nilimkuta mama anatwanga. Aliniona naja njiani, akatazama nyuma yangu, akaona hakuna mtu. Akauweka mchi chini. Sikuhitaji kusema." Halafu akasema, "Kwetu pacha akifa haliliwi. Basi hakuna aliyelia, na hakuna aliyeniuliza mimi nilikuwa wapi, nilirudije. Jana ndiyo mara ya kwanza nasikia watu wanauliza Doto yuko wapi."

Akainuka, akasema sinema itarudiwa jioni kwa waliokosa, na yeye anakwenda shambani kumleta mdogo wao Shija, aliyezaliwa baada yao, aje naye amwone huyo Doto. Akaondoka. Asali imebaki mezani, mimi nimebaki nalia na kucheka pamoja.

Mchana nikapita sokoni. Mama, hakuna biashara iliyofanyika! Kila mtu ana maoni. Muuza nyama anasema panga zile hazichinji hata kuku, na tena watu gani wanapigana huku wanaongea, nani ana pumzi hiyo? Fundi baiskeli anasema yeye amewahurumia farasi tu, maana wakipita njia ya Inyonga mbung'o watawamaliza kabla ya kufika. Mama wa dagaa amemkasirikia binti wa gavana: "Anakaa dirishani analia, mikono anayo, angemmwagia uji wa moto!" Katekista anasema kijana alifanya vizuri kumsamehe gavana, na vijana wa stendi wakamzomea, wanasema steringi, yaani shujaa wa sinema, hasamehi. Mrundi mmoja wa Katumba, mzee mpole mwenye maharage, nilimuuliza yeye ameionaje. Akafikiri, akasema, "Yule kijana alirudi kwenye nyumba ya baba yake. Ni sinema nzuri." Akaendelea kupima maharage yake.

Lakini wote, wote kabisa, walikubaliana jambo moja: steringi wa kweli ni Doto.

Nikiwa hapo hapo Bwana Sinema akaja mbio, anacheka machozi yanamtoka. "Mwalimu! Makopo ya mikanda, namba zimefutika kwa mvua. Jana nimeutanguliza wa nne kabla ya wa tatu! Yule bwana alikuwa hajafa bado!" Nikakaa chini kwenye gunia la mtu.

Basi nikamwambia Maganga. Akasema, "Sasa shida iko wapi? Leo sema hivyo hivyo." Bwana Sinema naye akasema, "Mimi naweza kuweka kama jana, ni kubadilisha makopo tu. Watu wamefurahi, nani atakayejua?" Na kweli, mama, nani angejua? Mzee amekuja kwangu bila utani kwa mara ya kwanza, ameniletea asali, bado kidogo tu. Nilitamani sana, sikudanganyi. Lakini nikafikiri: mzee yule ameniletea habari aliyoikalia tangu ujana wake, halafu mimi nimlipe Doto wa kubandika, mbele ya mdogo wake, na nikaishi nyumbani kwake miaka yote nikimtazama usoni? Nikasema, "Panga sawasawa." Nikaenda mbio nyumbani kwake nimweleze kabla. Nikakuta mlango umefungwa, amekwishaenda kumchukua Shija.

Walifika giza limeshaingia, sinema imekwisha kuanza. Wakakaa mbele kabisa. Shija ni bibi kizee mfupi, kajifunga kaniki, kashikilia mkono wa kaka yake.

Mkanda wa tatu, ule wa haki, Mandevu anakula kuku wake hotelini. Walioona jana wanawanong'oneza wageni: "Huyu ndiye Kulwa, ngoja tu." Mkanda wa nne akachomwa darajani akafa. Na badala ya kulia, mama, watu wanapiga makofi! "Subirini! Doto anakuja sasa!" Mkanda ukaisha. Bwana Sinema akawasha taa ndogo, anabadilisha. Wote wanangoja Doto. Shija naye amesogea mbele, ameshika magoti.

Nikawasha kipaza sauti. Nikasema, "Ndugu zangu, Doto haji. Kwenye hadithi hii hakuna Doto. Jana mikanda ilichanganyika, nikaogopa mtanicheka, nikamtunga mimi. Yule bwana alikuwa mmoja, na amekufa. Nisameheni. Na wewe baba, nisamehe zaidi."

Lo! Kelele! "Mwalimu muongo!" "Rudisha ya jana!" "Tunamtaka Doto wetu!" Mtu mmoja akasema kwa nguvu, "Hao ndio Wangoni!" na safari hii haikuwa utani. Mwalimu Mkuu amejishika kichwa. Mimi machozi yananitoka na kipaza sauti bado kiko wazi, kwikwi zangu zinasikika mpaka stesheni.

Mzee Doto akainuka. Akaja mpaka mbele ya mashine, mwanga ukampiga, kivuli chake kikajaa shuka lote. Watu wakapunguza kelele, maana hawakujua anataka nini. Akasema, bila kipaza sauti, ile sauti ya wasimamizi wa reli:

"Mnamtaka Doto? Doto ni mimi. Miaka yote napita mbele yenu, hakuna aliyeniuliza. Kulwa wangu alibaki Burma. Na mwalimu jana hakusema uongo. Alisema Doto alikwenda kumwambia mama. Nilikwenda. Huyu dada yangu hapa shahidi, alikuwepo uani."

Shija akajibu kutoka pale alipokaa, "Nilikuwepo."

Mzee akanigeukia. Mimi nikajua sasa ndiyo basi, ananifukuza mbele za watu. Akasema, "Mngeweza kupewa ya jana tena, mkalala mmefurahi. Kaona aibu yake ni afadhali kuliko kutudanganya. Basi nyamazeni, mwacheni mkwe wangu amalize kazi yake."

Mkwe wangu! Alisema hivyo, mama! Mbele ya soko zima, katekista, walimu, vijana wa stendi, Warundi, mbele ya dada yake! Maganga aliruka juu ya benchi, likavunjika. Wanawake wakapiga vigelegele, yule mama wa dagaa ndiye aliyeanza. Nilimaliza mkanda wa mwisho sijui nilisema nini; wanasema nilimtukana gavana kwa Kingoni.

Tulipokuwa tunatoka mzee akanipungia mkono nisogee. Akasema, "Waandikie wazee wako. Waambie babu zao walikuja kwetu wakala ng'ombe bila kuomba. Safari hii tunawaletea wenyewe, kwa miguu yetu, wasitupige mikuki." Na macho yake yanacheka. Lakini neno lilikwisha kutoka, nikacheka mpaka nikakaa chini.

Basi ndiyo habari yenyewe. Mshenga atakuja mavuno yakiisha, pamoja na kaka mkubwa wa Maganga. Watapita Sumbawanga na Mbeya kwa malori na mabasi, kwa hiyo wakifika wamechoka msiwaweke nje muda mrefu mkiwapima. Mama, wewe tafuta saa ambayo Baba ameshiba, kifua kimetulia, umwambie taratibu. Mwambie kijana ni Mkatoliki na hanywi. Sasa ni nyie mnaongojewa kusema, na mzee wa watu huku ameshaanza kuulizia barua ya kwenda na kurudi huchukua siku ngapi.

Nisalimie kaka Gaspari na shemeji, na mtoto wao niliyemwacha anatambaa. Msalimie Shangazi wa Mahenge anayenisuka, mwambie aandae mikono. Baba Mdogo fundi cherehani, salamu nyingi, na mama yangu wa ubatizo anayeuza mihogo kanisani. Bibi mbusu kwenye paji la uso, umwambie sikioni yeye wa kwanza, maana yeye ndiye aliyekuwa akiniombea.

Nijibuni upesi, mama. Nina furaha mpaka naogopa.

Ni mimi mwanao, niliyeitwa mkwe mbele za watu,

Anastazia